Papa Abaka na Kiti cha Baraza

Hapa Edumpo hakuna asiyemfahamu Kwamena Abaka, ila kila unayemuuliza atakupa Abaka wake. Wanawake wa sokoni watakusimulia mtu anayepima kitambaa kwa mkono mrefu na kuongeza shubiri bila kuombwa. Wapangaji wake watakusimulia mtu asiyesahau mwisho wa mwezi. Mimi nitasimulia Abaka wa mwaka ule wa baraza, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu naona watu wameanza kusahau. Watu kama yeye mtaji wao ni usahaulifu wetu.

Alizaliwa nyuma ya ngome, katika nyumba ya udongo ya ukoo wa Anona, mama yake akipika dokono, donge la mahindi la kuliwa kwa mkono, na kuwauzia wapakuzi wa mizigo. Baba yake alikuwa mtu wa Dentsefo, kwa hiyo naye ni Dentsefo, maana kwetu mtoto hufuata kikosi cha baba na hurithi upande wa mama, kwa mjomba. Mji una vikosi viwili: Tuafo wa mlimani na Dentsefo wa chini. Zamani vilikwenda vitani. Siku hizi vinazima moto, vinafyeka njia, vinatafuta waliozama, na vinabeba majeneza ya watu wao. Asiye na kikosi hata kufa kwake ni kwa aibu.

Wamethodisti walimfundisha kusoma na hesabu. Akawa karani katika duka la kampuni moja ya Wazungu kule Sekondi, na huko ndiko vidole vyake vilikosomea. Waliofanya kazi naye wanasema Abaka alishika kitambaa kama daktari anavyoshika mkono wa mgonjwa. Alijua kilikofumwa, alijua kama rangi itachuja, alitofautisha wekundu na wekundu ambao mimi na wewe tungeuita mmoja. Naomba msomaji alishike hilo.

Aliporudi alifungua duka lake mwenyewe: vitambaa, mafuta ya taa, chumvi, nyama ya kopo, jin ya Uholanzi. Baada ya vita vya Wazungu bei ya kakao ilianguka, na wafanyabiashara weusi wa pwani nzima wakaanguka nayo. Wengine walikuwa na majina makubwa kuliko lake. Abaka hakuanguka. Mwaka uleule alijenga ghorofa ya saruji yenye roshani inayotazama njia kuu. Wapo waliosema ni bahati, wapo waliosema wale mabwana wa Sekondi walikuwa wanamshikilia kwa nyuma. Sikuona, sisemi. Ila mtu anayebaki amesimama wakati wenzake wote wako chini anapaswa kuulizwa ameegemea nini.

Ndipo serikali ikaleta sheria ya baraza la mji. Tungepiga kura, tukaambiwa, kama watu waliostaarabika. Tulioisoma hiyo sheria mpaka mwisho tuliona kilichokuwa kinavutwa na hiyo kura: kodi ya nyumba, kodi ya maji ambayo mabomba yake hayapo, na asiyelipa nyumba yake inauzwa. Nyumba ya ukoo! Waliomo makaburini ni wengi kuliko waliomo vyumbani, nani ana haki ya kuiuza?

Nilikuwa nimerudi kutoka koleji ya Freetown, nafundisha shule ya Wamethodisti. Mimi na wenzangu tulizunguka mji mzima na ile sheria mkononi, tukiieleza kwa Kifante, lugha yetu. Na jambo ambalo wazee wanasema hawakuliona tangu wazaliwe likatokea. Tuafo na Dentsefo walikutana mahali pamoja bila mawe. Supi Arhin, mkuu wa Tuafo, na Supi Otu, mkuu wetu wa Dentsefo, walimwaga ramu chini pamoja na kuapa: hakuna mwana wa Edumpo atakayegombea, hakuna atakayepiga kura. Siku ya uchaguzi vijana wa vikosi vyote viwili wangesimama njia ya mahakamani, penye kupigiwa kura, bega kwa bega, na Kamishna wa serikali angeyaandikia makao makuu kwamba mji umekataa.

Abaka hakuwepo. Alikuwa Sekondi, kwa biashara. Mpiga mbiu alikuwa ametangaza siku ya kiapo wiki nzima.

Aliporudi nilimfuata dukani. Alikuwa anampimia kitambaa Mame Ekua, mwuza samaki wa kukaanga, na wanawake wengine wamekaa kwenye magunia ya chumvi wakisubiri zamu.

"Papa, karibu kutoka safari."

"Ahsante, Mwalimu. Chukua kiti."

"Nitasimama tu. Watu wanasema unataka kugombea."

"Watu wanasema pia siku hizi hata dokono unalila kwa uma. Ni kweli?"

Magunia yote yakacheka. Nikangoja wamalize.

"Mji umeapa, Papa."

"Mji umeapa, mimi nilikuwa safarini. Kiapo hakipandi lori kumfuata mtu."

"Ulijua kitaapwa."

"Hebu sikiliza, mwanangu." Aliweka mkasi chini. "Kiti kile kitakuja, mtake msitake. Nisipokikalia mimi atakikalia Vanderpuye, karani mstaafu wa Accra, ambaye hata nyanya yake hakuzikwa hapa. Sasa wewe unataka mgeni ndiye akukatie kodi?"

"Nataka kiti kibaki kitupu."

"Kiti kitupu hakisemi kitu."

"Kikiwa kitupu ndipo kinaposema."

Alimgeukia mteja wake. "Mame Ekua, umemsikia? Hela zote zile za koleji, kumbe kaenda kufundishwa lugha ya viti."

Wakacheka tena, na mimi nikatoka. Lakini niliona kitu kimoja: hakukasirika. Mtu aliyeudhiwa na mji wake mzima hukasirika. Abaka alikuwa na utulivu wa mchezaji anayeijua karata ya mwisho.

Akaandikisha jina. Vanderpuye naye akaandikisha lake. Supi Otu alimwita Abaka mbele ya kikosi, tukadhani atamkaripia. Abaka alikuja na chupa, akazungumza kwa upole, akasema yeye ni mwana wa Dentsefo na watu wakiamua kutopiga kura yeye atakuwa mgombea wa hewa tu, hana neno. Kisha akasema sikukuu ya kufyeka njia imekaribia na bendera yetu imechakaa, mchwa wanaicheza kuliko mcheza bendera. Angependa kutoa mpya. Wazee wakapiga makofi. Mimi nikajiuliza: mtu anayekwenda kinyume nasi, kwa nini anatushonea bendera?

Sasa, kwetu rangi ni mali. Manjano na nyeusi ni za Tuafo. Nyekundu na nyeupe ni zetu. Kutia rangi ya wenzako kwenye bendera yako ni kusema umewashinda, umewavua nguo, na unazivaa. Damu imemwagika kwa jambo hilo kabla sijazaliwa, ndiyo sababu ikawekwa desturi: bendera mpya haichezwi mpaka wazee wa kikosi cha pili wameitandaza na kuitazama.

Sikukuu ilikuwa Jumanne, siku ambayo mitumbwi haiendi baharini, mji wote uko nyumbani. Uchaguzi ulikuwa Ijumaa ya wiki ileile. Tulingoja bendera tangu Jumamosi. Kila siku Abaka alisema fundi wa Sekondi anamalizia, lori limekwama, kesho. Ilifika ngoma zimeshaanza, vijana wametoka porini na mapanga yao, Tuafo wamejipanga upande huu wa uwanja na sisi upande ule. Ilikuwa imekunjwa ndani ya karatasi ya kaki, imefungwa kamba.

Nilimshika Supi Otu mkono. "Supi, desturi. Tuwapelekee kwanza wazee wa Tuafo."

"Ngoma zinalia, Mwalimu. Niwaambie watu wangoje?"

"Ndiyo, wangoje."

"Ametoa mwana wetu. Abaka huyu, mwuza nguo, asijue nyekundu na nyeupe? Basi samaki naye hajui maji." Akampa Ebo Dontoh, mcheza bendera wetu, bila kukata kamba mwenyewe.

Ebo alikata kamba kwa meno, akaruka katikati ya uwanja, akaikunjua. Kitambaa chekundu, tembo mweupe katikati, kazi nzuri kwelikweli. Na kukizunguka chote, ukingo wa manjano, mpana kama kiganja.

Ngoma za Tuafo zilinyamaza. Halafu zetu. Ebo hakuona kitu, maana mcheza bendera hucheza kitambaa kikiwa usoni, akaendelea kuzunguka peke yake katika ule ukimya, anaipitisha chini ya mguu, anaizungusha shingoni, anacheka. Bibi mmoja wa Tuafo akapiga ukelele: "Wametuvua nguo! Wanaume wa Tuafo mko wapi, wametuvua nguo!"

Yaliyofuata sitayaeleza kwa urefu. Watu walikuwa na mapanga mikononi kwa ajili ya njia. Kwa rehema za Mungu wengi walitumia mawe na chupa. Kojo Budu wa Tuafo, seremala, kijana mpole ambaye siku ya kiapo alinikumbatia, alipigwa chupa akapoteza jicho. Nilipokuwa nakimbia nilitazama juu. Abaka alikuwa kwenye roshani, ameshika nguzo. Na chini yake milango ya duka ilikuwa imefungwa kwa makomeo. Niambie ni mfanyabiashara gani anayefunga duka siku ya sikukuu, mji umejaa wageni wenye kiu?

Kamishna alileta askari kutoka Cape Coast. Ngoma na bendera za vikosi vyote zikafungiwa ngomeni, mikusanyiko ikapigwa marufuku mpaka uchaguzi upite. Ule ukuta wa vijana njia ya mahakamani ukafa hapohapo. Lakini si askari waliouua. Uliuawa na sisi wenyewe. Alhamisi nilipita nyumba kwa nyumba nikiwasihi watu wakumbuke kiapo. Kule mlimani walinitazama kama nyoka. "Nenda kawaambie Dentsefo wenzako," alisema Supi Arhin, "kiapo mlikivunja ninyi kwa bendera. Kesho tunampigia Vanderpuye. Heri mtu wa Accra kuliko mtu wenu." Habari hiyo iliteremka kilima kabla yangu. Nilipofika kwa Supi Otu alikuwa anatafuta viatu vyake vya kanisani.

"Na wewe, Supi?"

"Ulitaka nifanye nini? Niwaache Tuafo watuwekee Mga, mtu wa Accra, juu ya vichwa vyetu?"

"Uliapa!"

"Niliapa na watu. Hao siyo watu tena."

Basi Ijumaa mji wote ulipiga kura. Mji uleule uliokuwa umeapa kwa mdomo mmoja ulisimama kwenye foleni mbili, kila foleni imempa mwenzake mgongo. Dentsefo ni wengi. Abaka akashinda.

Wenzangu walisema yamekwisha, tukae. Mimi sikuweza kukaa. Nilipanda lori mpaka Sekondi, nikamtafuta yule fundi. Nilimpata karibu na stesheni, mtu wa Keta, mnene, mcheshi, na mashine yake ukumbini. Nikamuuliza habari za ukingo.

"Mimi rangi zenu nazijulia wapi, bwana? Kwetu Keta manjano ni manjano tu. Nilishona nilichoambiwa."

"Papa Abaka anasema kitambaa chekundu kilikupungukia, ukamalizia na ulichokuwa nacho."

Alicheka mpaka tumbo likatikisika, akanyoosha kidole. Madirisha yake yote mawili yalikuwa na mapazia mekundu. "Kilipungua? Mke wangu amekishona hicho, na bado ana kilemba. Yule mzee ni mkarimu, kitambaa analeta tele."

Nilirudi na maneno hayo nikayapeleka kwa wakuu wote wawili. Marufuku ilikuwa imeondolewa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile Tuafo na Dentsefo walikubaliana neno: Abaka aje mbele ya Nana, mtawala wa mji, anywe kiapo. Akiapa kwamba hakujua, kiti ni chake na kodi tutamwachia yeye apambane nayo, hakuna atakayemsema tena. Asipoapa, ashuke, na uchaguzi utakaofuata usipate mtu. Abaka mwenyewe alikubali masharti haya. Alikubali haraka mno, nikaogopa.

Wengi walijua ataapa. Mtu wa kanisa, amesafiri, anaogopa kibuyu cha ramu na maji ya madhabahu? Hata mimi nilidhani hivyo. Uwanja wa Nana ulikuwa umejaa saa tatu ya asubuhi. Abaka alikuja amevaa kitambaa cheupe, bega wazi, kama atakiwavyo. Nilisema niliyoyaona Sekondi. Alinisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Fundi atasema chochote kuficha wizi wake," alisema. "Mwalimu ni kijana mzuri, ila amezoea kuamini kila kinachosemwa na mtu wa mbali." Akapokea kibuyu kwa mikono miwili. "Kama nilijua kuwa ukingo ule..."

"Ngoja kwanza, kaka."

Alikuwa ni Mame Araba Esuon, dada yake wa tumbo moja, anayekaa naye na kumpikia tangu mke wake afariki. Alisimama taratibu, akajifunga kitambaa vizuri kiunoni, akawaita wanawe, watu wazima watatu, wakaja wakasimama nyuma yake.

"Nana, naomba radhi kwako na kwa wazee. Sina maneno mengi. Kiapo cha uongo kwetu hakianzi na mwenye kuapa. Kinaanza na warithi wake. Warithi wa huyu ndio hawa, mimi ndiye niliyewazaa." Akamgeukia kaka yake. "Kwamena, mimi si mwanasiasa. Siku ile ya sikukuu ulinikataza kwenda uwanjani, na hawa ukawatuma Elmina asubuhi na mapema kuchukua mzigo ambao haukuwepo. Sikukuuliza. Leo pia sikuulizi. Nakwambia tu, wajomba huapa huku wanawatazama wapwa zao. Watazame, kisha umalize."

Abaka aliwatazama. Kibuyu kilikuwa juu, usawa wa kifua. Nilitaka aape na nilitaka asiape. Ndugu zangu, mimi ni mtu niliyesoma, siamini kwamba ramu inaua, lakini wakati ule sikupumua.

Alikirudisha kibuyu chini.

"Nitatoa kondoo," alisema. "Kwa ajili ya amani. Mambo yametokea, watu wameumia, mimi ni mzee wenu. Nitatoa kondoo na kreti ya jin."

"Hatukuuliza kondoo," alisema Supi Arhin. "Tumeuliza ulijua au hukujua."

"Nimesema nitatoa kondoo."

Kojo Budu alisimama upande wa Tuafo, kitambaa kimefungwa jichoni. "Mchague kondoo mwenye jicho moja, Papa," alisema, "mimi nimebakiwa na moja, asije akanicheka." Watu walicheka, kicheko kibaya, na Abaka kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitazama chini.

"Basi shuka," alisema Supi Otu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwomba ndugu. "Ulikubali mbele yetu. Hukuapa. Shuka, tukuzike siku yako ikifika kama mwana wetu."

Abaka alivuta kitambaa chake begani. Alipoinua uso, ule utulivu wa dukani ulikuwa umerudi.

"Kiti kile nimepewa na sheria ya serikali," alisema, "sikupewa na kibuyu. Mlikwenda wenyewe kupiga kura, hakuna aliyebebwa. Sishuki."

Akatoka. Siku hiyohiyo Dentsefo walimtoa katika kikosi. Mame Araba alihamia nyumba ya udongo nyuma ya ngome, na wanawe wakambebea mizigo. Kondoo aliletwa na mtumishi. Nana aliamuru arudishwe, akarudishwa.

Sasa nafika mahali ambapo watu hugombana na mimi. Kikao cha kwanza cha baraza, kodi ya nyumba ililetwa. Nilikuwa nimekaa nyuma na wenzangu, tumekuja kuona tukiuzwa. Abaka alisimama akaipinga. Alieleza nyumba ya ukoo ni nini mpaka Kamishna akaacha kuchezea kalamu. Alizungumza vizuri kuliko mimi ningeweza, na kwa maneno ambayo mengine yalikuwa yangu. Kodi ikaahirishwa.

Mji ulipagawa. Mame Ekua alicheza katikati ya soko. Wiki haikwisha, wakaanza kusema: unaona, alikuwa na akili yake mzee yule, tembo hapiti mlango wa sungura, jicho moja kwa nyumba zote za Edumpo, si biashara mbaya. Hivyo hasa walisema. Biashara. Hakuna aliyekwenda kusema hivyo kwa Kojo Budu, ambaye sasa hupimisha mbao zake kwa mkewe.

Mimi nasema hivi. Kodi imeahirishwa, haikufutwa, na aliyeiahirisha ndiye atakayeamua siku ya kuirudisha, kwa bei atakayoiona inafaa. Aliyetugombanisha akitaka kiti atatugombanisha akitaka mkataba wa mabomba. Siku ile tulipoapa pamoja tulikuwa mji. Leo sisi ni vikosi viwili vinavyogombea fadhila za duka moja, na hilo ni hasara kubwa kuliko kodi yoyote.

Mwezi uliopita Supi Otu alikuja shuleni, amechoka, kofia mkononi. Wazee wanataka kumrudisha Abaka kikosini. Supi aliuliza kama vijana wataweka kinyongo. Nje, darasa langu lilikuwa linaimba jedwali la kuzidisha.

"Ametuma neno kwako hasa," alisema. "Anasema: nimeizuia kodi, Mwalimu ananidai nini tena?"

"Mwambie deni ni lilelile," nilisema. "Aape, au ashuke."

Supi aliipindua kofia yake.

"Hataapa, Mwalimu. Unajua hataapa."

"Basi ashuke."

Alivaa kofia, akashika njia ya dukani kwa Abaka.